Kuteleza Si Kuanguka

Katika The Music Box, filamu fupi ya Hollywood iliyotunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 1932, Stan Laurel na Oliver Hardy wapandisha piano kwenye ngazi ndefu. Piano yateleza, yaporomoka hadi barabarani, nao waanza upya. Wafikapo juu, tarishi wa posta awaambia kwamba ipo njia ya gari ifikayo nyumba ile ile. Basi waishusha tena piano, ili waipandishe kwa njia hiyo!

Twacheka, lakini hatuwadharau, kwani kuteleza kule twakujua. Hata hivyo, siku moja darasani tulimcheka mwanafunzi aliyesema "kitabu yangu". Hakufungua tena kinywa muhula mzima.

Tofauti i wapi? Laurel na Hardy waliteleza kwa makusudi, ili tucheke. Mwanafunzi yule hakuwa mchezoni. Mzigo aliobeba ulikuwa wa kweli, nasi tuliopaswa kumshika mkono tulisimama kando tukitazama.

Tangu hapo, akosaye upatanisho wa ngeli twamsaidia kuinua mzigo wake upya, kabla wenzake hawajapata kucheka.