Urithi Usio na Askari

Mtu atokaye Tarime kwenda Mugumu huiacha nchi ya vilima, kahawa na migomba, akavuka mto Mara. Na akizidi kwenda mashariki, nchi hufunguka mbele yake, majani hata upeo wa macho. Ndiyo Serengeti. Mbuga hii ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1981 ikaandikwa katika urithi wa dunia. Hata nyumbu ana askari wa kumlinda.

Lakini Wakurya wanao urithi mwingine, nao hauna askari. Ni litungu, chombo chenye nyuzi 8. Fundi hulichimba gogo hata liwe na tumbo, huwamba ngozi juu yake, husimamisha mikono miwili na mti wa kukingama, ndipo hufunga nyuzi. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi nyingi ni za nailoni. Uzi hununuliwa dukani, bali sikio la kuulinganisha halinunuliwi: kijana hulipata kwa kuketi karibu na mzee.

Basi, wazazi na walimu, mtoto ajuaye kusoma na apewe pia nafasi ya kuketi hapo. Mzee akifa bila mwanafunzi, litungu husalia ukutani, na sauti yake imekwisha kuzikwa.