Kitenzi cha Kueneza Habari: Maoni Kutoka Lushoto

Mwalimu wa Kiingereza katika milima ya Usambara mara nyingi humpokea mwanafunzi mwenye lugha mbili tayari: Kishambaa cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi. Katika kidato cha kwanza masomo mengi huja kwa lugha ya tatu, na asiyeielewa hupotewa na jiografia na biolojia pia. Kwa hiyo kitenzi kimoja si jambo dogo. Twapenda kukizungumzia "disseminate", ambacho hukutwa katika maandishi ya kilimo na afya.

Kukifasiri kwa "eneza" ni sahihi. Taabu huanza katika sentensi. Kiswahili kina kauli ya kutendea: twasema tumewaenezea wakulima habari, na wakulima wakakaa vema karibu na kitenzi. Wanafunzi, kwa kufuata mantiki ya lugha yao, huandika "disseminate the farmers". Kumbe kwa Kiingereza waliotawanywa ni wakulima wenyewe! Habari haina budi kutangulia, na wapokeaji wafuate baada ya "to" au "among". Kalamu nyekundu haitoshi hapa. Yafaa sentensi za lugha zote mbili ziandikwe sambamba ubaoni, na wanafunzi waonyeshe wenyewe mtendewa amehamia wapi.

Maana nayo twaitafuta shambani. Kitenzi hiki chatokana na neno la Kilatini la mbegu. "Broadcast" nacho, kabla ya redio, kilikuwa kurusha mbegu kwa mkono shamba zima. (Wanafunzi hufurahi kusikia kwamba wakati uliopita kwa kawaida hakibadiliki.) Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, redio ilirusha vipindi nchini kote, lakini kulikuwa pia na vikundi vya kusikiliza, vijitabu na majadiliano. Kazi hiyo yote ndiyo "disseminate".

Mfano wa pili ni wa hapa hapa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa Usambara wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko. Walipinga, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Je, elimu ile ilienezwa? Darasa moja lilibishana hadi kengele ikalia. Wengine walikataa, kwa kuwa haikuota. Wengine walisema ilienea mno, kwani kila mtu aliijua na kuichukia. Kwa sarufi tuliwapa haki hao wa pili: kitenzi hiki hakidai kwamba msikiaji akubali.