Kutoka Kasulu hadi Darasa la Kusoma la Nashville

Safari yangu ya kwanza nje ya Tanzania ilinitoa Kasulu kwa basi hadi Kigoma, kisha Dar es Salaam, Amsterdam, Atlanta, mpaka Nashville katika jimbo la Tennessee. Nilichokifuata ni darasa moja. Nafundisha Kiingereza sekondari, na kila Januari napokea watoto wa kidato cha kwanza ambao kusoma aya moja kwao ni mtihani. Wana miaka 14, wengine wamenipita kimo. Ukimwambia mmoja asimame asome, anainamia kitabu na kusubiri jirani amnong'oneze.

Nashville ndiko iliko asili ya READ 180, programu ya kompyuta ya kuwasaidia vijana waliofika shule za kati na sekondari bila kusoma vizuri. Ted Hasselbring wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt na wenzake waliijenga, ikajaribiwa katika shule za Orange County, Florida, katika miaka ya 1990, na kampuni ya Scholastic ikaitoa rasmi mwaka 1999.

Katika darasa nililolitembelea, linalotumia programu hiyo, wanafunzi hawakufika hata 20, nikaona wivu wa kweli. Mwalimu, mama wa makamo, alianza nao wote pamoja, halafu akawagawa makundi matatu: la kwanza mezani kwake, la pili kwenye kompyuta, la tatu likajisomea vitabu. Kila baada ya dakika 20 wanabadilishana.

Niliomba kukaa nyuma ya binti mmoja aliyekuwa kwenye kompyuta. Kwanza alitazama video fupi kuhusu watu waliokumbwa na mafuriko, ili akikutana na maandishi awe tayari na picha kichwani. Kisha akaanza kusoma. Neno likimshinda analibofya, sauti inamtamkia. Baadaye akajirekodi akisoma, akajisikiliza, akakunja uso, akarudia. Kisha akarudia tena. Hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyemsikia. Nimefundisha miaka mingi nikiwataka watoto wasiogope kukosea, na sijawahi kuwapa mahali pa kukosea bila watu kuwatazama.

Lakini makosa yale hayapotei. Programu inayaweka kwenye ripoti, na mwalimu alinionyesha yake: wanafunzi wanne, kosa moja, miisho ya maneno. Hao ndio aliowaita mezani siku ile. Mashine ilimwonyesha wa kumwita, kufundisha kukabaki kazi yake.

Kipindi kilipoisha kijana mmoja alinijia. "Shikamoo, mwalimu." Nilishtuka kwa furaha. Alizaliwa kambi ya Nyarugusu, kule kule wilayani kwetu, wazazi wake wakiwa Wakongo waliokimbia vita Kivu ya Kusini. Nikamuuliza kama anaipenda programu.

"Pale shule ya kwanza walinipa vitabu vya watoto, mwalimu. Bata, bata, kila ukurasa. Mdogo wangu wa darasa la kwanza alikuwa navyo vile vile. Nilikuwa naficha jalada."

Sasa mkononi alikuwa na kitabu cha mchezaji wa mpira wa kikapu, Kiingereza chepesi, mambo ya kikubwa. Hakukificha.

Sisemi programu hii inatibu kila kitu. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ya Marekani, kupitia What Works Clearinghouse, ilipitia tafiti na kukuta inainua ufahamu wa kusoma, lakini katika kuzitambua herufi na sauti zake haikuonekana kuleta tofauti. Ninao wanafunzi ambao bado herufi zenyewe zinawashinda, na hao wanahitaji mtu wa kukaa nao kuanzia a, e, i, o, u, hata kama aibu itawauma.

Kompyuta 20 sitazipata Kasulu, na darasa langu halitapungua. Makundi matatu yanawezekana. Simu yangu inarekodi sauti, na ofisi ya taaluma ina chumba kidogo chenye mlango unaofungika. Humo mtoto atasoma peke yake, nami nitamsikiliza jioni na kuandika daftarini kila neno linalomshinda. Tatizo ni vitabu. Hadithi za Kiingereza chepesi zinazomfaa kijana wa miaka 14 ni adimu kwetu, kwa hiyo nimewaomba wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waanze kuziandika.