Karabai ya Baba

Jumamosi tatu sasa nasugua karabai ya marehemu baba, ile aliyovulia omena pale Dunga usiku usio na mbalamwezi. Mama alitaka kumuuzia mnunuzi wa chuma chakavu. Nikamwambia, "Mama, nipe kwanza."

Nilidhani ni bati. Masizi na mafuta ya taa vilikuwa vimegandamana, nyeusi tii. Nilitumia jivu laini la jikoni, ndimu na kitambaa. (Waya wa kusugulia sufuria usijaribu, mimi nimeshakwaruza upande mmoja.) Kitambaa kinatoka kijani, unasuuza, unarudia. Jumamosi ya pili pakang'aa mahali padogo kama sarafu: shaba ya manjano! Nikaita watoto waje waone.

Malaki sura ya 3 inamwonyesha msafishaji wa fedha akiwa ameketi. Ameketi, wapendwa. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na hilo sikuwahi kuliona.

Baba alikasirika nilipoacha mtumbwi nikaenda chuo cha Biblia. Alilala hatujapatana. Hilo sijawahi kulisema madhabahuni.

Juzi nikageuza tangi. Chini yake kuna jina, limechorwa kwa msumari. Si lake, ni langu. Mama anasema aliliandika nikiwa darasa la nne, karabai zisichanganywe ufuoni. Baada ya ugomvi wetu angeweza kulifuta. Hakulifuta.

Kifuniko bado ni cheusi. Ndimu nimeshanunua.