Hadi Mandara na Inhela Kifuani

Geti la Marangu, la kupandia Mlima Kilimanjaro, liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sisi watu wa Dar es Salaam, tuliozoea joto la kunata, baridi ya pale asubuhi hutuanza puani. Kwa mwenye pumu hilo si jambo dogo. Ukitembea kwa nguvu unaanza kuhema kwa mdomo, hewa ya baridi inaingia bila kupashwa joto na pua, mirija ya hewa inakauka na misuli yake inajikaza. Kifua kinabana. Ndiyo maana wengi wetu tulilelewa kwa amri moja: kaa chini. Shuleni wenzangu wakienda mchakamchaka, mimi nililinda masweta yao chini ya mwarobaini.

Safari hii ilianzia kliniki, miezi kadhaa kabla ya kufika getini. Daktari alitaka kuona dawa yangu, nikamtolea inhela ya bluu, ile ya salbutamol. Akanieleza kuwa hiyo hufungua mirija kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani hutulizwa na dawa nyingine ya kuvuta, yenye steroidi kidogo, inayotumiwa kila siku hata kifua kikiwa shwari. Akanisimamia nivute mbele yake: toa pumzi yote, bana midomo kwenye inhela, bonyeza huku ukivuta taratibu, kisha zuia pumzi mpaka uhesabu kumi. Baada ya hapo ndipo aliponiruhusu mazoezi, kutembea kwanza, halafu ngazi, halafu vilima.

Mazoezi hayaponyi pumu, na anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno. Kinachobadilika ni mwili: misuli iliyozoea kazi hudai hewa kidogo kwa kazi ileile, basi mtu hahemi ovyo kwa sababu ya ghorofa mbili. Mwingereza Paula Radcliffe, mwenye pumu tangu ujana wake, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ya dunia ya wanawake haikuvunjwa mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipokimbia Chicago mwaka 2019.

Mimi sikuwa na rekodi ya kutafuta. Robo saa kabla ya kuondoka nilivuta salbutamol, nikazunguka uwanja wa geti taratibu ili mwili upate moto, nikajifunga shali puani na mdomoni. Kiongozi wetu, kijana wa Kichaga, alinitazama akauliza, "Dada, hiyo dawa unaiweka wapi?" Nikamwonyesha begi alilokuwa amenibebea. Akatikisa kichwa. "Mimi nikitangulia na begi, utaipataje?" Nikaihamishia mfuko wa ndani wa koti. Huko inapata joto pia, maana kopo likipoa sana hutoa dawa kwa unyonge.

Msitu ulinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Hewa yake ni mbichi, kuvumwani hutona maji, na mbega walikuwa wakiruka juu yetu, mikia myeupe ikining'inia. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, walitupita na mizigo kichwani wakisalimia bila hata kukata pumzi. Wivu ulinishika, nisiseme uongo.

Penye mwinuko mkali nilianza kuhema sana. Hapo nilisimama na kujisikiliza, kwa sababu kuhema na kubanwa ni vitu viwili. Anayehema kwa uchovu akisimama hutulia upesi. Anayebanwa kwa mazoezi mara nyingi huzidiwa baada ya kusimama, dakika tano au kumi baadaye, kifua kikipiga filimbi. "Pole pole, dada, mlima hauhami," kijana alisema. Nilimjibu sentensi nzima bila kukatika, na kifua hakikulia. Tukaendelea.

Mandara, mita 2,720, ni vibanda vya mbao vyenye mapaa yaliyochongoka. Nilikunywa chai ya moto, nikatembea mpaka Kreta ya Maundi iliyo jirani, kisha tukateremka siku hiyohiyo. Wenzetu waliendelea kwenda Horombo, mita 3,720, ambako baridi ni kali zaidi na hewa ni nyepesi.

Nawe mwenye pumu ukitaka kwenda, mwone daktari miezi kadhaa kabla, si wiki ya safari. Na kama umeamka kifua kinapiga filimbi, ahirisha.