Hiyo kodi si ya nyumba!

Siku hizi ukinikuta kwenye daladala nimeinamia simu, usidhani nabeti. Mwenzenu nabahatisha kodi! Siyo ya baba mwenye nyumba, ni ya gita. Mchezo wenyewe ni fumbo: unasikia noti kadhaa zikilia kwa pamoja, nawe utaje ni zipi. Ukipatia noti na mahali pake, inakuwa kijani. Noti ikiwemo lakini umeikosea nafasi, njano.

Basi bwana, humo ndani kuna shule. Do, mi na so zikilia pamoja ni meja, kodi iliyochangamka. Ishushe hiyo mi nusu toni tu, inakuwa maina, roho inasinyaa. Piga so, ti, re, halafu ongeza fa juu yake: utasikia kodi inayodai kurudi nyumbani, kwenye do.

Kwenye bendi yetu ya mtaani, mpiga gita asiyesikia kodi ikibadilika hukabidhiwa manyanga. Tena wakongwe husema eti sikio ni la kuzaliwa nalo. Nakataa! Siku hizi wimbo mgeni ukianza, naifuata besi, nakisia, na vidole vinafika kabla sijaonyeshwa. Manyanga wampe mwingine.