Mbinga hadi Mbamba Bay: Usiuamini mshale!

Kama wewe ni mmoja wa wale vijana wa mjini wanaoamini kila kitu mshale unachosema, basi msomaji wangu, kuna kipande cha barabara kule Ruvuma kinakusubiri. Ni kilomita 66 tu, kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwa mtu wa Dar hiyo ni kama safari ya kwenda Bagamoyo kula pweza na kurudi jioni.

Lakini Bagamoyo haina mlima, bwana!

Mji wa Mbinga umekaa juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kama mita 475. Maana yake ukitoka Mbinga unashuka zaidi ya mita 800 kabla hujalowesha miguu. Ukirudi, mita hizo zote unazilipia, tena kwa petroli. Ndiyo maana vijana wanaoshuka na pikipiki kwa mbwembwe, kurudi wanarudi wamenuna.

BARIDI, KAHAWA NA NGORO

Kwanza tufike. Kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100 za lami, unapita njia ya Peramiho. Ukikaribia Mbinga usione haya kuvaa jaketi. Baridi ya Umatengo haina mchezo, hasa Juni na Julai. Kahawa imepandwa hadi nyuma ya nyumba za watu, na ukungu wa asubuhi unakufanya uwashe taa saa mbili.

Angalia milima kushoto na kulia. Utaona mashimo yamepangwa kama vyumba vya sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro, kilimo cha Wamatengo tangu enzi za mababu. Wanalaza majani kwa mistari inayokatana, wanayafunika kwa udongo, wanapanda juu ya matuta, na shimo la katikati linashika maji ya mvua yasiondoke na udongo. Wenzetu hawa walishajua siku nyingi kwamba mlima unataka hesabu. Kijana wa mjini na pikipiki yake ndiye bado anajifunza.

Mtazame bodaboda wa hapo mjini ukimuuliza, "Kaka, mafuta haya yatafika Mbamba Bay?" Geji hana habari nayo. Anafungua mfuniko, anatikisa pikipiki, anachungulia. Halafu anakujibu kwa upole, "Kufika yatafika, kaka. Kurudi ndiyo kazi."

HESABU YA MLIMA

Hebu tuipige hiyo hesabu. Tuseme pikipiki yako, wewe mwenyewe na begi lako mna kilo 250. Kuunyanyua mzigo huo mita 800 na ushee kunataka nguvu, na injini ya pikipiki hutumia kama robo tu ya nguvu iliyomo kwenye petroli. Inayobaki inapotea kama joto na moshi. Ukikokotoa, kule kupanda peke yake kunakula kama robo lita, juu ya mafuta ambayo ungeyatumia kwenye tambarare.

Robo lita unaiona kitu kidogo? Subiri. Tuseme kwenye tambarare pikipiki yako inakwenda kilomita 35 kwa lita. Kilomita 66 zitakula lita 1.9 hivi. Ukishuka, mlima unakusukuma, kwa hiyo unaweza kutumia lita 1.65 tu. Unafika ziwani unatamba mbele ya washikaji, "Mashine yangu inakwenda kilomita 40 kwa lita!" Kesho yake unabakiza lita 1.65 kwa ajili ya kurudi. Kumbe kupanda kunataka lita 2.15. Umepungukiwa nusu lita, na nusu lita mlimani ni kilomita 15 za kusukuma. Hapo hata jina la mashine utalisahau.

Kuna na la hewa. Huko juu hewa ni nyepesi. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa Dar, ikifika Umatengo inapata petroli nyingi kuliko hewa, inatoa moshi mweusi na kunywa zaidi. Pikipiki nyingi za kisasa, zenye nozeli na kompyuta, hujirekebisha zenyewe.

GEJI INAVYOKUDANGANYA

Ndani ya tenki kuna boya lililofungwa kwenye mkono mdogo. Mafuta yakishuka, boya linashuka, mshale nao unashuka. Rahisi, sivyo? Tatizo ni kwamba tenki la pikipiki halina umbo la ndoo. Limepanda juu ya chesesi kama mtu aliyepanda punda, juu pana, chini limegawanyika miguu miwili. Ndiyo maana mshale unaweza kukaa kwenye "F" muda mrefu unakuchekea, halafu ukavuka nusu ukaporomoka kama jiwe.

Kwenye mteremko mambo yanazidi. Mafuta yote yanakimbilia mbele. Kama boya liko mbele, geji inakuonyesha tajiri. Kama liko nyuma, inakuonyesha maskini. Ukianza kupanda inageuka. Kwa hiyo geji ya mlimani usiisome. Simama mahali tambarare, isimamishe pikipiki wima, subiri mafuta yatulie, ndipo utazame.

Pikipiki yenye koki ina bahati yake. Mafuta yakikatika unageuza kwenye rizevu na safari inaendelea. Ila ukishajaza, rudisha koki mahali pake. Ukiisahau kwenye rizevu, safari ijayo hutapewa onyo lolote.

SPIDOMITA NAYO INA MAMBO YAKE

Wengi hawajui hili. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo watengenezaji wengi huifuata, inakataza spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Kuzidisha inaruhusiwa, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Yaani ukiwa unakwenda 80 za kweli, mshale unaweza kusoma hadi 92 na kiwanda kisiwe na kosa. Ndiyo sababu unajiona unapaa, halafu simu yenye GPS inakwambia tulia, mbona hujafika huko.

Kinachohesabu kilomita huwa kina nafuu, lakini nacho kinategemea tairi. Tairi likilika, duara linapungua, linazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ile ile. Tairi la inchi 18 lililolika milimita 5 linaweza kukuongezea zaidi ya kilomita moja na nusu za hewa katika kila 100. Ukifunga tairi la saizi nyingine kabisa, hesabu yote inaharibika. Dawa yake ni kulinganisha na vibao vya kilomita vya barabarani, au na simu, kwa kilomita 10 za njia iliyonyooka.

Na wale wenye pikipiki kubwa zenye kioo cha kompyuta kinachoandika "kilomita kwa lita", msijidai sana. Kompyuta ile haichoti mafuta na kuyapima. Inakadiria.

PIMA KAMA MTU MZIMA

Kipimo cha uhakika ni cha kizamani. Jaza tenki hadi alama moja unayoijua, pikipiki ikiwa wima. Rudisha sifuri kile kihesabu kidogo cha safari. Nenda Mbamba Bay, rudi Mbinga, ujaze tena hadi alama ile ile, ikiwezekana kwenye pampu ile ile. Gawa kilomita kwa lita. Hiyo ndiyo sura ya kweli ya mashine yako, kwa sababu imeshuka na imepanda. Kabla ya kumwaga, tazama pampu isome sifuri na iwe na stika ya Wakala wa Vipimo.

Ukitaka kuendelea na mwambao kuelekea Liuli na Lituhi, hesabu upya. Ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Mbamba Bay hadi Lituhi, na kipande cha mchanga au matope kinakula mafuta kuliko lami. Petroli ya chupa za maji utaiona vijijini, lakini hairuhusiwi, ni hatari ya moto, na hujui kilichomo wala kama lita imetimia.

Jambo moja si la utani. Usishuke mlima ule kwa nyutro, wala usizime injini eti unabana matumizi. Gia ndiyo inayokusaidia kushika mwendo. Ukiiacha, breki zinabeba mzigo wote, zinapata moto, na kwenye kona zikikataa hakuna wa kumlaumu. Chai ya maziwa inagharimu zaidi ya mafuta utakayookoa.

Ukifika salama, ziwa litakulipa. Agiza mbasa wa kuchoma, au usipa na ugali, ukae mchangani utazame milima inavyoingia majini. Ukifika Liuli, ulizia jiwe lililowafanya Wajerumani waite bandari ile Sphinxhafen. Hapo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wajerumani wa Liuli walikuwa hata hawajapata habari kwamba vita vimeanza. Waliona ziwa limetulia, wakadhani mambo ni shwari.

Na wewe ukiwa Mbamba Bay, mshale ukiwa umetulia kwenye nusu, usidhani mambo ni shwari. Fungua mfuniko uchungulie, kisha uhesabu mita 800 za kupanda. Safari njema!